Kamba Niliyoifunga kwenye Boti ya Sévère

Watu wa Kimanga, mtaa wetu wa kando ya ziwa, wanamjua Sévère kwa miavuli. Ukimpelekea mwavuli uliovunjika mbavu asubuhi, saa sita unarudi nao nyumbani mzima. Vidole vyake ni vinene kama mihogo, na mgeni akiambiwa kwamba vidole hivyo ndivyo vinatengeneza boti ndogo za plastiki zenye kamba nyembamba kama unywele, anadhani anadanganywa.

Mimi ni jirani yake. Ninashona vitambaa vya altare katika parokia yetu tangu nilipokuwa msichana, na watu wanasema Mama Providence hana kinywa cha ugomvi. Ni kweli. Lakini habari hii ninaiandika na hasira, na Mungu anayejua mioyo anajua kwa nini.

Sévère alikuwa baharia miaka kumi na mbili, akipanda na kushuka na boti za mizigo mpaka Kalemie, hadi siku pipa la mafuta lilipomvunja mguu. Kukaa chini ndiko kulimfundisha miavuli, na hamu ya ziwa ikamfundisha boti ndogo. Mwili wa boti anaukata kwenye bidoni ya njano, lile dumu la maji. Kamba anazitoa kwenye biki, ile kalamu ya plastiki inayoangaza, wino ukiisha. Nimemwona mara nyingi. Anaishika juu ya mshumaa bila kugusa moto, anaizungusha pole pole mpaka inang'aa na kulegea katikati. Hapo anaitoa kwenye moto, anapumua mara moja, anavuta. Ukivuta haraka unapata unywele, ukivuta pole pole unapata kamba nene.

"Ukivutia mu moto iko inakatika," aliniambia. "Ni sawa na mutoto. Humuvute wakati iko na hasira."

Anaanza na kamba za karibu na mlingoti halafu anatoka nje, ili mkono usibomoe kazi iliyokwisha. Ncha anazigandisha na tone la gundi kwenye sindano. Kisha anasogeza kaa la dawa ya mbu, ile ya kuwasha kama ubani, karibu na kamba bila kuigusa, na kamba yenyewe inajikaza ting, kama uzi wa gitaa. Na kila kamba ina mwenzake upande wa pili. "Mulingoti hausimame na nguvu yake," husema. "Unasimama sababu bale babili banavutana sawasawa."

Sasa nifike kwenye hasira.

Mdogo wake, Aimé, alikuwa baharia kwenye boti ya tajiri mmoja tunayemwita Patro Thaddée. Mwaka jana upepo uliipiga ile boti, mlingoti wa kupandishia mizigo ukaangukia mbele, boti ikapinduka. Watu tisa walikufa, Aimé mmoja wao. Patro Thaddée, ambaye jina lake limeandikwa kwenye benchi nane za kanisa letu, alisema kwamba Aimé alifunga kamba vibaya. Raporo, yaani ripoti ya ajali, ikaandikwa hivyo. Maiti haijibu! Na mjane wake Mapendo, mwanamke wa kuuza dagaa, akaanza kuitwa sokoni "bibi ya mwuaji", mpaka akaacha kutandika meza yake. Watoto watatu wanakula nini? Hakuna aliyeuliza.

Sévère alijua jambo lingine. Siku mbili kabla ya safari Aimé alimwambia: patro ameagiza kamba ya mgongo iondolewe, ile inayovuta mlingoti kwa nyuma, kwa sababu ilizuia magunia ya simenti. Aimé alikataa, akaambiwa kama hataki ashuke, aache kazi, naye akabaki. Basi Sévère akamwomba shefu wa kartie, yaani mkuu wa mtaa wetu, aite familia zote zilizofiwa, na yeye ataleta boti ndogo inayoonyesha ile kubwa ilivyokuwa siku ile. Alifanya kazi miezi minne.

Maji ya ziwa yaliingia tena nyumbani kwake, ndiyo maana akaileta kwangu siku tatu kabla ya baraza.

"Mama Providence, usiiguse."

"Minye niiguse juu ya nini?"

Nikaiweka juu ya kabati karibu na Bikira Maria. Nikaiangalia, nikastaajabu, na nikaona kwamba nyuma ya mlingoti kuna pete ndogo lakini kamba hakuna. Mlingoti wenyewe umeinamia mbele kidogo. Nikasema moyoni: masikini, macho yake yamechoka, amesahau, watamcheka. Nikachukua uzi mweusi wa kushonea, nikaufunga vizuri, nikauvuta mpaka mlingoti ukasimama wima. Nikasali na kulala nikiwa na furaha. Ninaona aibu mpaka leo.

Siku ya baraza sala ya parokia, ule ukumbi wa mikutano, ilijaa watu. Sévère aliweka boti mezani, akaondoa kitambaa nilichoifunika nacho, akasema bila kuiangalia, akiwa amewatazama watu:

"Ni vile boti ilitoka. Muangalie nyuma ya mulingoti. Kamba ya mugongo haiko."

Watu wakainama. Patro Thaddée akainama pia, kisha akacheka mpaka tumbo likatikisika.

"Haiko? Na hii ni nini, fundi ya miavuli? Mikono yako yenyewe inakushitaki!"

Wengine wakacheka naye. Sévère akageuka, akauona uzi. Mapendo, aliyekaa mlangoni, akajifunika uso na kitenge.

Nikasimama. "Shefu, ni minye. Minye ndiye nilifunga ile kamba. Nilizania amesahau."

"Weye mama ya altare," Patro akasema, "usianze uongo mu nyumba ya Mungu juu ya kusaidia jirani."

Uongo! Mimi! Na yeye amesimama pale juu ya watu tisa!

"Mulete dawa ya mbu," nikasema. "Kamba za Sévère ni plastiki. Yangu ni uzi wa duka."

Ikaletwa, ikawashwa. Sévère akasogeza kaa kwenye kamba ya pembeni: ikajikaza. Akalisogeza kwenye yangu: haikujikaza, ikatoa moshi na harufu ya nguo inayoungua. Nikatoa makasi mfukoni, nikaikata. Mlingoti ukainamia mbele wenyewe, mbele ya macho ya wote.

Hapo Pudentienne, mama mmoja aliyeokolewa siku ile akiwa ameshika bidoni, akaja mpaka mezani. Akaweka kidole kwenye ile pete.

"Hii pete nilikalia magunia juu yake," akasema. "Simenti. Hakuna kamba ilipita pale. Ningekaa namna gani?"

Patro Thaddée akapanguza shingo. "Basi, shefu, andika kwamba kamba ilisahauliwa. Tusivunjane."

"Ilisahauliwa na nani?" Ni Mapendo aliyeuliza, akiwa amesimama. "Baba ya batoto yangu alikataa kuiondoa hiyo kamba, mukamuambia ashuke. Kamba inajisahau yenyewe?"

Shefu akaandika, na Mapendo akamlazimisha asome kwa sauti, mara mbili: kamba ya mgongo iliondolewa kwa amri ya mwenye boti, baharia Aimé hakufunga vibaya.

Patro aliondoka bila kuaga. Hakuomba msamaha kwa mtu hata mmoja, na benchi zake bado ziko kanisani. Mimi siku hizi ninakaa kwenye mkeka na watoto wa katekisimu.

Jumatatu Mapendo alitandika meza yake ya dagaa. Na boti Sévère aliirudisha kwangu, kwa sababu maji bado hayajatoka kwake.

"Uitunze, mama," akasema. "Lakini ile sanduku ya nyuzi, uifungie mbali."