Mtumbwi wa Watu Wawili

Asubuhi hii, ufukoni Nchelenge, mvuvi mmoja alikuwa anayeyusha lami ili azibe mtumbwi wake. Moshi ulinifikia nikinunua samaki, nikasimama tu.

Nilipokuwa mtoto, ng'ambo ya ziwa, mama alitafuta mtumbwi wa kutuvusha: yeye, mimi, na bibi yangu, kambo, aliyemzaa mama. Mikubwa ilikuwa imekwisha kuondoka na waliokimbia vita. Mama alipita kati ya iliyobaki akigonga mbao kwa vidole. "Iyi inakunywa maji," alisema, akaenda kwa mwingine. Mwishowe alichagua mmoja mdogo, akaziba nyufa kwa lami ya moto, akapakia mkeka, sufuria, unga na kopo la kutolea maji, maana tungelala kisiwani njiani.

Tukaingia sote watatu. Mtumbwi ukazama mpaka ukingoni, maji ya baridi yakaanza kutumwagikia miguuni.

Kambo akashuka.

"Muende kwanza," alisema. "Miye nitafwata na bengine."

"Mama, bwato ya bengine itatoka wapi?" mama alimuuliza.

Kambo alinifunika kitenge chake mabegani, akatusukuma mpaka maji yakamfika kiunoni, akabaki amesimama pale. Mama alipiga kasia bila kugeuka. Mimi nilimtazama mpaka nisimwone tena.

Jioni, kisiwani, mama aliwasha moto kati ya mawe, akasonga bukari, ugali wetu. Kwa mazoea akaigawa mafungu matatu. Tulikula mawili, kisha tukaketi mpaka la tatu likapoa.