Mzazi Anayelala Kota

Siku ambayo Meneja Mkuu aliniuliza, "Kwa hiyo tumekubaliana?" nilipaswa kusema hapana. Nilisema ndiyo.

Tulikuwa tunaandika kanuni mpya za matibabu ya wafanyakazi wa kiwanda cha chai, huku Rungwe. Mimi nilikuwa Ofisa Ustawi, yaani mtu wa kushughulikia makazi, magonjwa na misiba ya wafanyakazi. Niliingia kiwandani mara tu baada ya kumaliza kidato cha nne. Siku ya kwanza Msimamizi wa Mapokezi alinisimamisha mizanini, majani mabichi yakifika yamelowa ukungu, akaniambia nisiamini ukubwa wa gunia. Kutoka mizani nilipelekwa chumba cha kunyaushia, ambako majani hupulizwa hewa mpaka yalegee, kisha stoo, kisha ofisini. Ofisini ndiko nilikojifunza woga. Stoo ukikosea linapotea gunia. Ofisini anaumia mtu.

Wafanyakazi wetu wengi walikuwa wamefika umri mgumu: watoto bado shuleni, wazazi wameanza kuugua. Kadi ya matibabu ilimhusu mfanyakazi, mwenzi wake na watoto. Mtu akiuguliwa na baba yake kijijini Masukulu, aliomba ruhusa mpaka akachokwa, halafu akaanza kutoroka zamu. Nikapendekeza wazazi nao waingizwe kama wategemezi, maana yake watibiwe kwa kadi ya mtoto wao. Meneja Mkuu, ambaye alitoka mkoa wa mbali, hakukataa. Aliogopa jambo moja.

"Huku kwenu kila mtu ana baba wengi," alisema. "Baba mkubwa ni baba, baba mdogo ni baba. Nitajuaje yupi ndiye?"

Akajijibu mwenyewe: atatibiwa mzazi anayelala na mfanyakazi kwenye kota, zile nyumba za kampuni, na Ofisa Ustawi athibitishe kwa macho yake.

Nilijua palepale kwamba haitafaa. Kwetu Wanyakyusa, mkamwana halali nyumba moja na baba wa mumewe. Akimwona njiani hukwepa. Ndiyo heshima yenyewe. Vijana wa mjini wameilegeza, lakini wazee wale walikuwa hawajailegeza, na kota zetu zilikuwa za vyumba viwili. Maneno yalikuwa mdomoni. Niliona haya kumweleza bosi aliyesoma mambo ambayo angeyaita ya kizamani.

Muuguzi wa zahanati ya kiwanda, mama wa hukuhuku, aliposoma kanuni aliniuliza, "Sasa wakamwana watalala wapi?"

Nikamwambia, "Watapanga wenyewe."

Wakapanga. Wazazi walioandikishwa wakaongezeka, na Meneja akanisifu kikaoni. Lakini kila nilipokwenda kukagua kota nilijua nitakachokuta kabla sijabisha hodi: mzee kitandani, jikoni hakuna mwanamke. Sikuuliza mama mwenye nyumba yuko wapi.

Gwamaka, mume wa binti yangu Atupele, alikuwa fundi wa mashine za kukaushia. Baba yake aliishi kijijini Kisiba, ana sukari na kidonda mguuni. Gwamaka hakunifuata nyumbani. Alikuja ofisini, akasimama mlangoni, akaniita baba kwa Kinyakyusa.

"Tata, mguu wa mzee unanuka. Niandikie tu kwamba yuko kwangu. Mwache alale kwake."

Nilimjibu kwamba nikimwandikia mkwe wangu uongo, wenzake watasema kanuni ni za watoto wa wengine. Alitikisa kichwa polepole, akarudi zamu.

Wiki hiyohiyo Atupele aliingia uani kwangu na begi na mtoto wake wa mwisho. Mama yake alidhani amekuja kusalimia.

"Nimempisha baba mkwe," alisema. "Umetaka alale pale. Mimi ulitaka nilale wapi?"

"Ni kwa muda, mwanangu."

"Muda gani?"

 Ikawa kila jioni nasikiliza pikipiki barabarani, nikiomba iwe ya Gwamaka. Mwanzoni alikuja na sukari na sabuni, wakakaa barazani kama wachumba. Baadaye akawa anatuma mtu. Mzee alibaki peke yake mwanawe akiwa kazini, ndipo jirani mmoja, mjane, akaanza kumpikia. Yeye hakuwa mkamwana. Hakuna kilichomzuia kuingia. Mguu wa mzee ukapona, nashukuru. Mjane hakuondoka; akabaki na Gwamaka.

Ningeweza kurudi kwa Meneja. Niliogopa kwamba watasema ninageuza kanuni kwa ajili ya binti yangu, na kustaafu kulikuwa karibu. Niliagwa kwa hotuba nzuri na mabati. Aliyekaa kwenye kiti changu aliirekebisha kanuni ile kwa sentensi moja: mfanyakazi alete barua ya mtendaji wa kijiji inayomtaja mzazi wake, popote anapolala. Hakuna aliyeleta baba wengi.

Ninyi mnaoandika kanuni za namna hii leo, mkimpa mgonjwa nafasi ndani ya nyumba, ulizeni kwanza nani atatoka. Na mkijua jibu, lisemeni kikaoni, hata kama watawacheka.

Mimi kanuni ile ilinigharimu Atupele. Ndoa yake ilivunjika, watoto wakubwa wakabaki kwa baba yao, naye akaenda Tunduma kuuza vitenge. Tulipomzika mama yake alikuja, akanipa mkono wa pole kama mwombolezaji mwingine yeyote, akaondoka kabla ya matanga kwisha. Hajarudi. Nikimpigia simu, hapokei.