Hifadhi ya Ndege Iliyofagiliwa

Mungu amenijalia majirani wapenda usafi. Namshukuru kwa hilo, ingawa zipo siku shukrani hunitoka kinywani kwa shida, kama mtu anayemeza mwarobaini.

Nyuma ya nyumba yetu, huku Goba vilimani, kuna bonde ambalo mpima viwanja aliliacha wazi kwa sababu maji ya masika hupita pale na msingi hauwezi kusimama. Lilikuwa na matete, vichaka, mikuyu michache, na miiba ya kutosha. Watu walipita kandokando yake wakiziba pua hata penye hewa safi, maana kwetu sisi pori katikati ya nyumba ni aibu, sawa na mgeni kukukuta hujafagia uwanja.

Mke wangu alilipenda bonde lile. Macho yake yalififia taratibu kwa presha ya macho, na yalipozima kabisa akahamishia asubuhi zake kwenye baraza ya nyuma, akisikiliza. Aliwajua ndege wa bondeni kama alivyowajua wanakwaya wenzake enzi akiimba sauti ya pili. Tetere ndio waliofungua, kisha mnana wakagombana kwenye matete kama watu walio kwenye foleni ya maji. Dudumizi akilia, yeye husema, "Baba, anua nguo," nami hutoka kuanua hata kama mbingu ni nyeupe pe. Mara nyingi mvua ilinyesha. Mara nyingine nilianika upya. Usomaji wangu wa neno la asubuhi aliuvumilia. Ndege aliwasubiri.

Basi kamati ya mazingira ya mtaa ikaamua kwamba bonde liwe hifadhi ya ndege. Mmoja wao alikuwa amesafiri, akaona huko alikokwenda bustani za umma zikitengwa kwa ajili ya ndege, akarudi na picha kwenye simu. Mkutano ukaitishwa, nami nikaombwa kufungua kwa sala, kwa kuwa mwinjilisti akishastaafu hugeuka ufunguo wa mikutano. Niliomba kwa moyo wote. Nikarudi nyumbani na kumwambia mke wangu kwamba sasa hakuna atakayejenga pale wala kumwaga taka. Akapiga kigelegele hapo hapo alipoketi.

Mambo yaliharibika siku ilipotangazwa kwamba uzinduzi utakuwa na mgeni rasmi.

Sisi mgeni rasmi tunamjua. Hawezi kuona jani kavu. Hawezi kukanyaga nyasi ndefu kuliko kidole. Jiwe lisilopakwa chokaa humtia huzuni. Kwa hiyo Jumamosi mtaa mzima ulishuka bondeni na mafyekeo.

"Wanafanya nini huko?" mke wangu akauliza.

"Wanafyeka."

"Wanafyeka nini?"

"Hifadhi."

Alinigeuzia uso kwa namna iliyonifanya nichukue fimbo yangu na kushuka. Nilimkuta mwenyekiti wa kamati amesimama juu ya rundo la matete, viota vya mnana vikining'inia humo kama soksi.

"Shikamoo, mzee wetu! Umekuja kubariki kazi?"

"Marahaba. Mwenyekiti, hizo ulizokanyaga ni nyumba zao."

"Hizi? Huu uchafu tu, mzee wangu. Nyoka watupu."

"Na ndege watakaa wapi?"

"Ah, ndege ana mbawa, mzee. Atazungukazunguka, atarudi akute pasafi. Hata wewe ungependa kurudi nyumba imefagiliwa, au siyo?"

Waliokuwa karibu wakacheka, na mama mmoja mwenye reki akaongeza, "Mwache mzee, anawaonea huruma mnana kuliko sie tunaong'atwa na mbu."

Jioni bonde lilikuwa jekundu na jeupe: udongo uliofagiliwa na mawe ya chokaa. Mikuyu ilipunguzwa matawi mpaka ikafanana na mikono ya mtu anayeomba msaada, nayo ikapakwa chokaa hadi kiunoni. Katikati ikasimamishwa sanamu ya saruji, ndege mwenye tumbo la bata na shingo ndefu ya heroe, amepakwa rangi ya waridi. Hakuna kiumbe cha namna hiyo kilichowahi kutua Goba, na baada ya kuiona sanamu ile naamini hakitatua.

Siku ya uzinduzi spika zilianza kupiga muziki wa singeli tangu asubuhi. Mke wangu aliwekwa kiti cha mbele, kama inavyopasa wazee. Mgeni rasmi alisifu utulivu wa mahali pale, kwa kupaza sauti, kwa kuwa jenereta ilikuwa nyuma yake. Alipomaliza kusema kwamba ndege ni urithi wetu, mke wangu akauliza, naye hajawahi kujua kunong'ona:

"Sasa wako wapi?"

Mwenyekiti akainama sikioni mwake. "Wanakuja, mama. Tumewaandalia mazingira."

"Walikuwepo, mwanangu."

Makofi yakapigwa haraka, tukaitwa kwenye pilau na kuku. Yule mama wa reki akainua paja la kuku juu na kusema, "Huyu mie namhifadhi mwenyewe!" Nilicheka. Namwomba Mungu anisamehe, lakini ilikuwa hotuba pekee ya kweli siku ile.

Ndege walikuja, sikatai. Kunguru. Waliteremka kwenye mifupa kabla viti havijakunjwa, na wakaona hakuna sababu ya kuondoka. Mmoja aliketi juu ya kichwa cha sanamu siku nzima kama mwenye hati ya kiwanja.

Mke wangu akaacha kwenda barazani. Asubuhi alibaki kitandani uso ukielekea ukutani. Nilipomsomea neno alisema, "Endelea tu," na hilo liliniumiza kuliko kama angeniambia niache. Mchana aliniuliza kama kumekucha.

Hapo ndipo nilipoona rehema ya Mungu ikipitia njia nisiyoitarajia, yaani uvivu wa viongozi wetu. Mgeni rasmi akishaondoka, hakuna anayefagia. Masika yakaja, maji yakapita njia yake ya siku zote yakizoa chokaa na mawe, sanamu ikaegemea upande. Magugu yakaota, matete yakachipua kwenye mashina. Kiangazi kilipofika, mnana wawili walikuwa wanagombana tena, na mke wangu aliniomba nimshike mkono hadi barazani.

Kamati nayo ikaamka. Mkutano ukaitishwa: hifadhi imerudi kuwa pori, ifyekwe upya, mgeni rasmi mkubwa zaidi atafutwe. Nikafungua kwa sala. Kisha sikukaa. Nilisema jambo zito kama hili lisiharakishwe. Iundwe kamati ndogo ilitazame kwanza kitaalamu, na fyekeo lisishuke kabla haijatoa taarifa.

Makofi yaliyopigwa! Mtaani kwetu hakuna pendekezo linalopendwa kama kamati ndogo, maana kila mtu hurudi nyumbani akiamini kazi imeanza.

"Na mzee wetu awe mwenyekiti wake," wakasema, "ana subira."

Nikakubali kwa unyenyekevu.

"Mtakutana lini?" mke wangu aliniuliza nilipomsimulia.

"Mungu akipenda."

"Na wewe unaonaje, atapenda?"

"Sijamuuliza bado."

Alicheka mpaka akajifuta macho kwa upindo wa khanga. Kisha akainua kidole. "Haya, nyamaza basi. Nasikiliza."