Kompyuta Iliyomnyamazia Baba

Mpaka leo nikiikumbuka ile Idi, damu inanichemka. Mume wangu alimletea baba yangu kompyuta mpya, akaichukua ile ya zamani na kwenda kuiuza kwa vipuri. Hakuniuliza mimi, hakumuuliza baba. Na baba ni kipofu. Ile ya zamani ilikuwa na programu ya kumsomea kila kilichoandikwa, kwa sauti ya mzungu mwenye mafua, naye akaipenda hivyo hivyo. Akisomewa magazeti, akiandika barua zake mwenyewe bila kumbembeleza mtu.

Fundi alipoiweka programu ile kwenye kompyuta mpya, ikagoma. Mashine ikawaka, kimya. Na baba akafanyaje? Akaipapasa, akasema, "Mashallah, mkwe wangu, umenifaa." Kwetu mkwe hatahayarishwi. Basi kila mume wangu alipopita Nguvumali, mtaani kwa baba, kumpa shikamoo, mzee wa watu alikaa mbele ya kioo asichokiona, akakisifu. Miye namtazama tu.

Nikaenda kwa fundi. Akanieleza kwa madaha, kana kwamba nimekuja kujifunza kusoma. Prosesa ya zamani ilikuwa ya biti thelathini na mbili, ikibeba kidogo kwa mara moja. Hii ni ya sitini na nne, pana zaidi, na inamudu kumbukumbu kubwa kuliko ile. Programu nyingi za zamani zinafanya kazi humo, lakini ya baba ina kipande kinachoingia ndani kabisa ya mfumo, na mfumo mpana alioniwekea kulingana na prosesa hii haukipokei. Walioitengeneza wameshaachana nayo.

"Kwani mashine hii haikubali mfumo mwembamba, kama ule wa zamani?" nikamuuliza.

"Inakubali, dada. Ila utaidhalilisha. Kumbukumbu nyingi itakaa bure."

Yaani alijua! Wiki zote hizo alijua, na baba yangu kakaa bila kusoma hata mstari mmoja ili kumbukumbu ya mashine isidhalilike. Nikamwambia auweke huo mwembamba sasa hivi, na asinipandishe presha.

Jioni ile mume wangu akatukuta kwa baba, kompyuta imeshawekwa mezani. Nikamweleza nilichofanya. Akaninong'oneza kwa uchungu, "Sasa si umeirudisha nyuma?"

Sikunong'ona. "Huko nyuma ndiko baba anakosomea."

Baba akatuambia tunyamaze. Akatafuta herufi kwa vidole, taratibu, kisha akabonyeza asomewe. Ile sauti yenye mafua ikajaa chumba kizima: "Mkwe wangu, zawadi yako nimeipokea leo."

Mume wangu akavua kofia, akaiweka magotini, akawa anaitazama. Alikuwa akisubiri nimsaidie neno. Sikumsaidia.