Nyambura Apewa Meza ya Bia

Nyambura wa Rågsved, hapa Stockholm, mtunza wazee na mwimbaji wa kwaya, alichukia pombe tangu usichana wake. Kwa hiyo katika mkutano wa chama chetu cha Waafrika Mashariki, pale Alby, mwenyekiti Obiero alipotaka tupige kura kuruhusu bia kuuzwa kwenye sherehe ya kiangazi, Nyambura alisimama akapinga mpaka kahawa ikapoa.

"Watu wanakunywa tayari," Obiero alisema. "Wanajificha maegeshoni kama wezi. Afadhali tuuze kwa kibali."

Bia ilishinda kwa mkono mmoja, wa Armel, Mkongomani, ambaye baadaye alisema alidhani wanaulizwa nani anataka kuongezewa kahawa.

Lakini manispaa haitoi kibali hivi hivi. Ilitaka msimamizi aliyefaulu mtihani wa sheria za pombe. Obiero alifanya, akaanguka. Wapenda bia wengine walikumbuka shughuli zao ghafla.

"Nitafanya mimi," Nyambura akasema. "Kama lazima iuzwe, itauzwa nikiitazama."

Alisoma kwenye treni akienda kazini, akafaulu mara ya kwanza.

Siku ya sherehe alisimama nyuma ya meza, amejifunga aproni. Sheria inakataza kumuuzia mlevi, naye alikuwa na kipimo chake: kila aliyekuja kununua alitakiwa kusema haraka, "Wale wana wa Liwali wala wali wa Liwali."

Armel alijikwaa kwenye Liwali wa kwanza.

"Mama, sijakunywa kitu. Ni hii Kiswahili yenu."

"Kale pilau kwanza. Ukirudi tutaona."

Obiero naye akakwama. "Nyambura, mimi ni mwenyekiti."

"Basi keti."

Watu walicheka, yeye hakucheka. Ila nilimwona akipanga chupa upya, lebo zote zikitazama mbele, akiwa na uso wa mtu aliyepata kazi anayoipenda.

Mwaka uliofuata Obiero alileta hoja mpya: bia ipigwe marufuku, kwa ajili ya maadili.

Nyambura akasimama. "Marufuku huwarudisha watu gizani," alisema kwa upole. "Pombe inataka usimamizi."

Kina mama wote wakamuunga mkono. Kura ilipopigwa, Obiero, alipoona anashindwa, aliinua mikono miwili, akaambiwa ashushe mmoja.