Leso Chini ya Tumbo la Jimi

Nakumbuka Jumapili moja kule Kabiro, Kawangware, mwanangu, nilipokuwa msichana mwenye nguvu na ubishi, nimembeba mbwa mzima mikononi kama mtoto mchanga ili nimwanike juani. Jina lake Jimi. Wazungu niliowalelea watoto walikuwa wamefunga mizigo wakarudi kwao, mbwa wakaniachia mimi. Alikuwa mzee, mnene kwa mikate yenye siagi, na miguu yake ya nyuma ilikuwa imekaza. Daktari wa mifugo alikuwa amesema hakuna mfupa uliovunjika, ni uzee na uvivu. Mimi nilisikia uzee tu.

Mwenye ploti tuliyopanga vyumba, Baba Njoroge, alitoka kanisani akatukuta. "Hiyo mbwa hata geti ikigongwa haiamki," akasema. "Mvua ikianza kama bado inabebwa, nitaita mtu wa bunduki. Hapa si hospitali." Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kutimiza alichosema, na hilo ndilo lililonitia hofu.

Mama yake, ambaye ploti nzima tulimwita Cucu, yaani nyanya, alikuwa ameketi mlangoni akichambua maharagwe. Nilidhani atanitetea. "Wewe ndiye unaiua," akaniambia bila kuinua macho. "Mimi nilianguka, nyonga ikakataa. Hawa wakaniletea chai kitandani mpaka nikaona nitazikwa na kikombe mkononi. Siku moja nikamwaga hiyo chai nikaamka. Uchungu ilikuwa mingi, lakini si unaniona? Weka mbwa chini."

Nilikasirika, sikufichi. Katika ploti ile nilijiona mimi ndiye pekee mwenye huruma, halafu naambiwa muuaji. Lakini kesho yake nikiwa nafua, maji yamenifika viwikoni, nikakumbuka kwetu ziwani, mama alivyotufundisha kuogelea. Aliweka mkono chini ya tumbo, mtoto akapiga miguu, maji yakambeba. Mama alishika kidogo tu.

Kumtia Jimi majini kwenye mfereji wa ploti sikuthubutu. Watu walipanga foleni na ndoo zao pale, na wangenisema hadi nihame. Nikamteremsha Jimi mpaka mtoni, upande wa chini wa mtaa wa Satellite, alasiri, jua likiwa limeshapasha maji. Nikampitishia leso yangu ya kujifunga chini ya tumbo, nikaingia naye hadi maji yakamfika kifuani. Siku ya kwanza alitetemeka tu, akanitazama kana kwamba nimemsaliti. Iliyofuata akapiga mguu mmoja. Nililia kwa furaha, na wanawake waliokuwa wakifua wakanicheka.

Tukaendelea. Tunaingia kidogo, tunatoka kabla hajachoka, namkausha kwa gunia, kisha tunapanda mlima polepole, kwa miguu yake mwenyewe. Habari za siagi zikaisha, akala ugali wa kiasi. Cucu alikuwa akitungoja kule juu na fimbo yake, tukatembea watatu hadi nyumbani. "Harakisheni nyinyi vijana," alituambia, mimi na mbwa. Kuna siku Jimi alikataa kabisa kusimama, nami nikataka kuacha yote. Cucu akamtazama. "Leo ipumzike. Kesho mnaenda." Na kesho yake tukaenda.

Mawingu ya mvua yalikuja Jumapili. Baba Njoroge akagonga geti kwa ngumi, makusudi. Jimi alikuwa amelala mlangoni kwangu. Akainua mbele, nyuma ikaanguka. Niliinama nimwinue, lakini fimbo ya Cucu ikanizuia kifuani. "Wacha," akasema. Mwanangu, nilijua akishindwa nimempoteza. Akajaribu tena. Akasimama, akaenda akiyumba hadi getini, akambwekea mwenye ploti mpaka akarudi nyuma.

"Inanibwekea mimi?"

"Si ulitaka iamke?" Cucu akamwambia, akarudi kwa maharagwe yake.

Jimi alikaa pale ploti hadi uzee ulipomchukua kwa amani, tena tangu siku ile alisimama siku nyingi kuliko alizolala.

Sasa wewe umekuja kuniambia mbwa wako amezeeka, kwamba umemtandikia blanketi na chakula unampelekea puani. Mpeleke kwanza kwa daktari, ujue kama mfupa na moyo viko salama. Daktari akikubali, mtembeze kila siku, kidogo kidogo, na mpunguzie chakula. Tafuta maji safi yenye uvuguvugu, yasiyo na kina, usimwache peke yake humo, na ukimtoa umkaushe. Usimlazimishe mpaka alie. Lakini usimbebe pale anapoweza kwenda. Wewe shika leso, miguu apige mwenyewe. Kazi hii inataka mtu mkaidi, na ukaidi ninajua unao, umeurithi kwangu.

Mungu akupe mikono ya upole na moyo usiochoka mapema, na mbwa wako akupokee getini miaka mingi. Na mimi magoti yangu yameanza kukataa, umeyaona. Siku nitakayosema siamki, usiniletee chai kitandani. Nipe fimbo, simama karibu, unisubiri. Haya, sogea kidogo, nataka kusimama.