Ua Dogo la Manjano na Karatasi Yake

Mimi si mwepesi wa kusifu wanaume, nimeshawajua. Lakini huyu mzee wa maua, ninayemfagilia ofisi, huliomba radhi kila ua kabla ya kulibana kwenye magazeti likauke. "Samahani, bibiye," hunong'ona, vidole vyake vinene vikinyoosha petali moja moja. Miaka kumi na tisa alilitafuta ua moja la jangwani, la manjano, dogo kama kifungo cha shati. Nikaliona mimi baada ya mvua, nikifuata mbuzi wangu aliyepotea, nikampeleka mzee hadi hapo.

Jana aliandika karatasi ya kubandika chini yake. "Mama, nimeandika jina lako. Wewe ndiye uliyelipata." Hata shemeji yangu alinionyesha karatasi, akasema shamba ni langu. Kumbe kaandika jina lake. Sijui kusoma. Mzee alipokwenda kunawa mikono, nikaichukua karatasi ya ua mbio hadi kwa bawabu.

"Soma!"

Akasoma jina langu, la baba yangu, la babu yangu. "Shangazi, mbona machozi tena?"

Niliporudi, mzee alikuwa amesimama na gundi mkononi. Hakuniuliza nilikotoka.

"Tubandike, mama?"

"Bandika, baba."